Je, Tuna Haki ya Kusahau Fundo?

Tazama kamba za viatu vyako. Masikio mawili ya fundo yamelala vipi? Kama yamekingama, moja kulia na jingine kushoto, fundo lako ni imara na huenda likafika jioni bila kuguswa. Kama moja limeelekea vidoleni na jingine kisiginoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba tangu utotoni umekuwa ukifunga fundo jingine, pacha wa lile la kwanza kwa sura lakini si kwa tabia. Katika fundo imara, ncha ya kulia hupita juu ya ile ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ile ya kulia. Katika pacha wake, mkono hurudia njia ile ile mara mbili. Kwa macho ya haraka huwezi kuyatofautisha. Mzigo ndio huyatofautisha.

Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science maelezo ya kwa nini iko hivyo. Walitumia nyuzi zinazobadilika rangi kadiri zinavyokazwa, wakaonyesha kwamba katika fundo imara nyuzi zilizo jirani husokotwa kwa mielekeo inayopingana, kwa hiyo kila moja humzuia mwenzake. Katika pacha wake zinageuka pamoja na kuteleza. Ni kazi nzuri ya kisayansi. Lakini mabaharia na wavuvi walikuwa wakiliepuka fundo lile bovu kwa karne nyingi bila hesabu yoyote. Waliujua ukweli huo. Waliujua wapi: kichwani, au mkononi?

Swali hilo limebeba jingine kubwa zaidi. Tunaishi wakati ambapo karibu kila fundo lenye manufaa lipo kwenye simu, likifungwa polepole na mikono isiyo na uso. Tukilihitaji, tutalitafuta. Kwa nini basi mtu ajisumbue kukumbuka? Na akisahau, amepoteza nini, na amemkosea nani? Nauliza hili kama swali la maadili, kwa sababu naamini kuna ujuzi ambao mtu akiuacha upotee anakuwa amepungukiwa yeye tu, na kuna mwingine ambao akiuacha upotee anakuwa amemkosea mtu. Inafaa kujua upi ni upi.

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Tunasema "najua Dodoma ni makao makuu ya Tanzania", na tunasema "najua kuogelea". Kwenye nomino lugha yetu ina hadhari zaidi. Maarifa tunayafuata darasani na vitabuni. Ujuzi tunaufuata kwa fundi. Mwenye maarifa ya taarab anaweza kukuandikia makala ndefu; mwenye ujuzi atakuomba umpishe aketi na ganuni yake. Mwaka 1949 Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, alijenga sehemu muhimu ya kitabu chake The Concept of Mind juu ya tofauti ya namna hii. Alidai kwamba kujua kufanya jambo hakutokani na kuwa na orodha ya kanuni ambazo mtu huzisoma kimoyomoyo kabla ya kutenda. Ingekuwa hivyo, hata kule kuzisoma ni tendo, nalo lingehitaji kanuni zake, na hizo zake, bila kikomo. Si wote waliokubali. Mwaka 2001 Jason Stanley na Timothy Williamson walijibu kwamba kujua kufanya ni aina mojawapo ya kujua ukweli: anayejua kuendesha baiskeli anajua, kuhusu njia fulani, kwamba hiyo ndiyo njia ya kuiendesha. Mjadala unaendelea, na fundo ni mahali pazuri pa kuupima.

Jaribu kulieleza fundo kwa maneno matupu. Katika karne ya 1 tabibu wa Kigiriki aitwaye Heraklas alifanya hivyo. Aliandika namna ya kufunga vitanzi na mafundo zaidi ya kumi yaliyotumika kutibu mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Maandishi yake yalihifadhiwa na tabibu mwingine, Oribasius, katika karne ya 4. Tangu hapo wasomi wamekuwa wakibishana juu ya baadhi ya mafundo hayo, kwa kuwa maneno "pitisha ncha chini ya kitanzi" yana njia nyingi za kutiiwa. Anayetaka kumwelewa Heraklas leo hana budi kuweka kitabu mezani, kuchukua kamba, na kujaribu hadi lipatikane fundo linaloshika. Maelezo yalivuka karne nyingi salama. Ujuzi wenyewe haukusafiri ndani yake. Ilibidi uzaliwe upya kila mara katika mikono ya mtu.

Kwa upande mwingine, mikono inaweza kujifunza hata pale mwenyewe asipokuwa na habari. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa, na baada ya hapo hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya. Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu kwa yeyote. Siku hadi siku Molaison aliifanya vizuri zaidi, na kila siku aliamini kwamba hajawahi kuifanya. Nani alikuwa anajua hapo? Yeye, angeulizwa, angesema hajui. Mkono wake ulijua.

Nikiwaweka Heraklas na Molaison pamoja, naona kwamba kukumbuka kuna nyumba zaidi ya moja, na kwamba kitu kinaweza kuhifadhiwa katika nyumba moja huku nyingine ikiwa tupu. Video ya fundo kwenye simu ni kumbukumbu, lakini si yangu bado. Ni ahadi kwamba naweza kujifunza. Watu wengi wa rika langu tumezoea kuichukua ahadi hiyo kana kwamba ni ujuzi wenyewe.

Skauti duniani kote hufundishwa kitanzi kimoja mashuhuri kwa hadithi fupi: sungura anatoka shimoni, anazunguka mti, anarudi shimoni. Sungura ni ncha ya kamba, shimo ni kitanzi kidogo ulichokipinda kwanza, na mti ni sehemu ya kamba inayoelekea kwenye mzigo. Matokeo yake ni tanzi lisilokaza: unaweza kulivuta kwa nguvu zote, nalo halitapungua wala kuongezeka upana. Sisi tuliomlea sungura katika ngano zetu tunamjua kwa ujanja wake. Hapa ujanja wake ni kwamba anatuhudumia kwa muda mfupi tu. Wiki ya kwanza unamtaja kila mara. Baada ya mwezi unafunga huku unazungumza habari za mpira, na sungura amekwenda zake. Hadithi ilikuwa jukwaa la ujenzi: nyumba ikisimama, miti huondolewa.

Mjomba wangu, mvuvi wa ngalawa pwani ya Bagamoyo, hakuwa na hadithi ya sungura. Alikuwa na masharti. Ukishaweza kufunga kwa macho, anakuambia, "Haya mjomba, fumba macho sasa." Ukishaweza hilo, unafunga mikono ikiwa mgongoni. Kisha anaichovya kamba baharini na kukurudishia ikiwa imelowa na kuteleza. Nilipomuuliza kwa nini anatutesa hivyo, alinijibu kwa utulivu kwamba usiku wa kusi hakuna wa kukumulikia. Kisha akalijaribu fundo langu kwa njia ambayo sijaisahau: alilivuta kwa uzito wake wote, akiegemea nyuma, kana kwamba chini yake kuna kina kirefu. Hakulitazama hata kidogo.

Hapo ndipo maadili yanapoingia, kwa kuwa fundo lina sifa moja ambayo maarifa mengi hayana. Karibu kila mara anayelifunga si yule atakayelitegemea. Anayefunga kreti za soda kwenye bodaboda anaweza kuwa kijana wa dukani. Atakayeumia zikiporomoka ni dereva, au mama anayevuka barabara nyuma yake. Anayefunga ndoo ya kisima asubuhi anaifungia jirani atakayekuja jioni. Kufunga fundo ni kumwahidi mtu usiyemwona. Nayo ni ahadi ambayo haiwezi kukaguliwa kwa macho ya haraka, kama tulivyoona kwa wale pacha wawili wa kamba za viatu. Mpokeaji analazimika kukuamini.

Fikiria mbuzi aliyefungwa malishoni. Kuna tanzi linalokaza kadiri linavyovutwa, na kuna tanzi la sungura, lisilokaza. Kamba ni ile ile, shingo ni ile ile, na mbuzi mwenyewe ni yule yule mwenye tabia ya kuzunguka kigingi hadi kamba imwishie. Ukiwa umemfunga kwa tanzi la kwanza, kila anapojivuta anajinyonga. Ukiwa umemfunga kwa la pili, anachoka tu na kusimama. Mbuzi hajui tofauti hiyo, wala hawezi kukuuliza. Uhai wake umewekwa katika jambo dogo sana ambalo mikono yako inalijua au hailijui.

Fikiria pia chumba cha upasuaji. Katika karne ya 16 daktari Mfaransa Ambroise Paré alipendekeza kwamba baada ya kukata kiungo, mishipa ya damu ifungwe kwa uzi badala ya kuchomwa kwa chuma cha moto. Tangu hapo uhai wa wagonjwa wengi umening'inia kwenye uzi, kwa maana halisi ya maneno hayo. Wanafunzi wa udaktari hujizoeza kwenye miguu ya viti na vishikio vya droo, mara mamia, wakibadilisha mwelekeo wa kila pindo. Wakiurudia mwelekeo ule ule, wanapata yule pacha mbovu, anayeteleza. Kwenye kiatu atakuchelewesha nusu dakika. Kwenye mshipa, habari ni nyingine. Hakuna mgonjwa atakayeridhika kusikia kwamba daktari wake analijua fundo kwa maana ya kwamba anajua pa kulitafuta.

Mpinzani mwenye busara ataniambia kwamba nimechagua mifano inayonifaa. Kweli. Binadamu hawezi kukumbuka kila kitu. Clifford Ashley, Mmarekani aliyechora na kuandika kitabu kikubwa cha mafundo kilichotoka mwaka 1944, aliorodhesha zaidi ya 3,800. Sidhani kwamba yuko mtu mwenye wajibu wa kuyabeba yote. Tena malalamiko kwamba vyombo vinaua kumbukumbu ni ya zamani sana: katika Phaidros, Plato anasimulia juu ya mfalme wa Misri aliyekataa zawadi ya maandishi kwa hofu kwamba watu wangeacha kukumbuka. Maandishi yalikuja, na tunamjua mfalme huyo kwa sababu Plato aliandika. Kutegemea kumbukumbu ya nje si aibu. Marubani husoma orodha zao kwa sauti kabla ya kuruka, na tunawaheshimu zaidi kwa kufanya hivyo.

Nakubali yote hayo. Nadhani yanatusaidia kuona mpaka ulipo. Rubani husoma orodha wakati muda unaruhusu kusoma. Zipo hatua chache za dharura ambazo anatakiwa kuzijua kwa moyo, kwa kuwa zinapohitajika hakuna muda. Basi ujuzi ambao saa ya kuhitajika kwake haina nafasi ya kutafuta, na ambao mzigo wake ni wa mtu mwingine, huo hatuna haki ya kuuacha ukae kwenye simu. Mengine ni hiari. Fundo la kupendezesha zawadi naweza kulitafuta kila Idi na Krismasi bila kumkosea mtu. La kumfunga mtoto mgongoni, hapana.

Kuna kusahau kwingine ambako si kwa mtu mmoja. Kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na kueleza kwamba jina lake lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Vyombo vya aina hiyo viliendelea kuundwa kwa karne nyingi. Wa mwisho mashuhuri ulikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. Ilibaki mifano midogo kwenye makumbusho, picha na maelezo ya waliowahi kuiona. Mwanzoni mwa karne hii mtepe mmoja uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa katika Beit al-Ajaib.

Je, kuna aliyekosea? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni hapana. Vyombo vya misumari vilikuwa vimekuwepo muda mrefu, na injini zikafuata. Hakuna kijana wa Lamu aliyekuwa na wajibu wa kushona chombo ambacho hakuna mtu angekipanda. Mzigo wa ule ujuzi ulikuwa umeshushwa. Tulichopoteza kinastahili huzuni, na huzuni hiyo ina thamani yake, lakini haina mshtakiwa. Hali ni tofauti pale mzigo bado unaning'inia na mikono ndiyo imeondoka. Nyavu bado zinatupwa baharini usiku wa leo. Fundo la wavu, ambalo kwa umbo ni lile lile ambalo mabaharia hutumia kuunganisha kamba mbili zenye unene tofauti, bado linabeba chakula cha watu. Bodaboda bado zinapakia. Mbuzi bado wanazunguka vigingi. Kusahau kabla mzigo haujashushwa ni sawa na mpagazi kuachia upande wake wa kitanda cha mgonjwa njiani, kwa kuwa alisikia kwamba gari linakuja.

Kukumbuka kwa mkono kuna hatari yake pia, na ingekuwa si haki kuificha. Ukisahau jina la mtu, unahisi pengo, ulimi unalitafuta. Ukisahau fundo, mara nyingi huhisi chochote. Mkono unajiamini, unazunguka, unapitisha, na unatoa kitu kinachofanana. Pacha mbovu huzaliwa hivyo. Ndiyo maana ujuzi wa mkono unadai kupimwa mara kwa mara, na ndiyo maana mjomba alivuta badala ya kutazama. Ashley mwenyewe alionya kwamba hata lile fundo imara la kamba za viatu, likitumiwa kuunganisha kamba mbili zenye mzigo, huenda limesababisha vifo na majeraha mengi kuliko mafundo mengine yote kwa jumla. Ni zuri kwa kufunga kifurushi. Halikuumbwa kwa kubeba mtu. Kujua fundo, kwa hiyo, ni pamoja na kujua pale ambapo halifai. Sehemu hiyo ndiyo hupotea kwanza, kwa kuwa haionekani kwenye umbo la kamba.

Kiswahili kina maneno mawili ya zamani kidogo: kufundika, yaani kufunga fundo, na kufundua, yaani kulifungua. Mabaharia huhesabu yote mawili wanapopima ubora. Fundo linaloshika lakini haliwezi kufunguliwa baada ya kubeba mzigo limefanya nusu ya kazi, kwani litamlazimu mtu kukata kamba nzuri. Tanzi la sungura husifiwa kwa sababu hiyo: hata likivutwa sana, unasukuma sehemu moja kwa kidole gumba nalo linalegea. Yule aliyelifunga amemfikiria atakayelitegemea usiku, na amemfikiria pia atakayelifungua asubuhi akiwa na haraka na vidole vyenye baridi.

Sina orodha ndefu ya kumwachia msomaji. Mafundo manne yanatosha maisha ya watu wengi: moja la kufunga kifurushi, moja la kuunganisha kamba mbili, moja la kufunga kamba kwenye nguzo, na lile tanzi lisilokaza. Simu itakufundisha yote jioni moja, na haina ubaya wowote kwa kazi hiyo. Kisha izime. Weka kipande cha manila cha urefu wa mikono miwili mahali unapokaa ukisubiri maji yachemke, na uyarudie macho yakiwa yamefumbwa hadi kamba ikuchoshe. Yakishakaa mkononi, mfundishe mtu mmoja, na usimwamini kwa kuliona fundo lake likiwa zuri. Livute.